Nyuki Hana Zizi: Kuhusu Lile Swali la "Nyuki wa Gredi"

Miaka michache iliyopita, kwenye maonyesho ya kilimo pale Jamhuri Park, nilikuwa kwenye foleni ya kuonja asali katika banda la wafugaji nyuki. Mbele yangu alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya pama na fimbo. Alisikiliza maelezo ya mizinga yote iliyopangwa mezani, akaugonga mmoja kwa fimbo kama anayepima fahali mnadani, kisha akauliza:

"Sasa kijana, hawa nyuki wenu ni wa kienyeji tu? Hamna wa gredi?"

Kijana wa banda alijizuia kucheka. "Mzee, nyuki hana gredi."

"Hana vipi? Ng'ombe anayo, kuku anayo, hata parachichi siku hizi ni la kupandikiza. Nyuki amekosa nini?"

Foleni ilikuwa ndefu, na kijana akaokolewa na mama aliyetaka chupa mbili za asali nyeusi. Swali likabaki pale mezani. Tangu siku ile nimelisikia likiulizwa Dagoretti, Kasarani, na hata kwenye matatu ya kwenda Kitui, kila mara kwa maneno mengine: kwa nini tusilete nyuki wapole kutoka Italia? Kwa nini tusizalishe chotara? Na kila mara jibu linalotolewa ni la mkato, ama "marufuku," ama "wetu ni bora," kana kwamba aliyeuliza ametukana ukoo.

Mimi naliona swali la mzee kuwa la haki kabisa. Mkulima wa Kenya ameishi akiona mgeni na chotara wakimpandisha hali. Babu alikuwa na ng'ombe wa asili aliyetoa kikombe cha maziwa, mwanawe akaleta Friesian akajaza ndoo. Mahindi ya mahuluti yalipotoka Kitale mwaka 1964, magunia yaliongezeka na hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Kuku wa kienyeji walioboreshwa wanataga kuliko mama zao. Wakati huohuo tunaambiwa mwaka nenda mwaka rudi kwamba Kenya ina uwezo wa kuzalisha tani 100,000 za asali kwa mwaka, na kwamba tunavuna kama robo tu ya hizo. Mtu mwenye akili timamu akiziunganisha hoja hizo mbili atauliza alichouliza mzee.

Kwa hiyo tuichambue hoja yenyewe, tuache ushabiki.

Ndugu wa damu moja

Jambo la kwanza linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba nyuki wa Ulaya ni mnyama mwingine. Sivyo. Nyuki wa asali wa Kitui, wa Italia na wa Uingereza wote ni spishi moja, *Apis mellifera*. Wanatofautiana kama koo zinavyotofautiana: rangi, ukubwa, hasira, tabia ya kuweka akiba. Wakikutana wanazaana bila shida, na hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Nchini mwetu koo ziko kadhaa. Anayejulikana zaidi ni *scutellata*, nyuki wa nyika na nyanda, ndiye unayemkuta Nairobi akiingia kwenye paa la kanisa au kwenye kisanduku cha mita ya stima. Kule juu kwenye misitu ya Mlima Kenya na Elgon yuko *monticola*, mweusi zaidi, mkubwa kidogo, na mtulivu kiasi cha kuwashangaza waliozoea wale wa chini. Pwani ana jina lake, *litorea*, na katika ukame wa kaskazini yuko mdogo wa manjano aliyezoea jua kali. Mwaka 2017 watafiti waliolinganisha jeni za nyuki wa milimani na wa nyanda za Afrika Mashariki waligundua kwamba wanafanana karibu kila mahali, isipokuwa sehemu mbili za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) zilizogeuzwa juu chini, ambazo nyuki wa milimani wanazishika hata kama milima yao iko mbali na mbali. Maana yake baridi ya mlima imechonga kitu ambacho hakikai kwa nyuki wa bondeni. Nitakirudia hicho baadaye, kwa sababu yule mzee alikuwa na swali la pili.

Wageni wanaotajwa kwenye mabishano haya huwa watatu. Kuna wa Italia, wa manjano na mpole. Kuna wa Slovenia na majirani zake, wa kijivu, anayeitwa Carniolan. Na kuna Buckfast, ambaye ni chotara wa makusudi: alitengenezwa na mtawa mmoja aliyeishi Uingereza, Brother Adam, baada ya ugonjwa uliofagia nyuki wa nchi ile mwanzoni mwa karne iliyopita. Mtawa huyo alitumia maisha yake yote kuchanganya koo kutoka pande nyingi za Ulaya na Mediterania.

Kwa nini wao wanajaza na wetu hawajazi

Mwenye kutaka nyuki wa Ulaya hutaja lita. Na ni kweli: mzinga mzuri wa huko unaweza kutoa asali nyingi kuliko mzinga wa kawaida wa hapa. Lakini tuulize nyuki anaweka asali kwa ajili ya nani. Si kwa ajili yetu. Nyuki wa Ulaya anaweka akiba ya baridi kali, miezi mitano au sita ambayo hakuna ua hata moja nje. Kundi lisiloweka ghala kubwa linakufa kabla ya jua kurudi. Kwa maelfu ya miaka waliobaki ni wale wachoyo.

Huku kwetu hakuna majira ya theluji. Kuna mvua ndefu, mvua fupi, na katikati kuna kiangazi ambacho mwaka huu kinaweza kuwa kifupi na mwaka ujao kikavunja mgongo. Katika hali hiyo, kujenga ghala kubwa na kulikalia ni kumwalika nyegere, siafu na binadamu. Busara ya nyuki wetu ni tofauti: maua yakichanua, geuza mbochi, ule utamu wa maua, kuwa watoto upesi, gawanyika, tuma makundi mapya, maua yakikauka, funga virago ufuate mvua. Wafugaji wanalalamika kwamba nyuki "amehama bila kuaga." Kumbe kuhama ndiyo benki yake.

Hata mwendo wake wa kukua ni wa haraka. Kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, wa *scutellata* hutoka kwenye tundu lake la sega takriban siku ya 19 tangu yai litagwe, wa Ulaya siku ya 21. Siku mbili zinaonekana si kitu, ila zina uzito mkubwa tutakapofika kwenye magonjwa.

Na hasira? Hiyo nayo ni malipo ya historia. Nyuki anayeishi na nyegere, tumbili, na watu wanaorina kwa mwenge wa moto, hawezi kuwa mpole akabaki na kizazi. Sumu ya nyuki wetu mmoja haizidi ya nyuki wa Ulaya. Hatari iko kwenye idadi ya wanaotoka, kasi yao, na umbali wanaokufuata. Anayechoma huacha harufu inayowaita wenzake, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Ndiyo maana wazee wanaonya usile ndizi ukienda mzingani. Hasira hiyohiyo kule Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, imegeuzwa ua: mizinga inatundikwa kuzunguka shamba, mita kumi kumi, imeunganishwa kwa waya, na tembo akiugusa waya anasikia mvumo anaoufahamu, anarudi alikotoka. Nyuki mpole wa Italia angemkaribisha tembo mezani.

Lakini nisimdharau anayeogopa. Nairobi si Tsavo. Mwenye mzinga nyuma ya ploti Kasarani ana jirani mwenye watoto, mbwa aliyefungwa mnyororo asiyeweza kukimbia, na bodaboda wanaopita usiku na mchana. Kwake upole ni suala la kesi kwa chifu. Hoja ya nyuki mtulivu ina uzito, na wanaoipuuza mara nyingi wana ekari nyingi za kukimbilia.

Harusi ya angani

Sasa tufike kwenye kiini. Ng'ombe wa gredi aliwezekana kwa sababu ya zizi. Unamfunga, unamwita mtaalamu wa uhimilishaji na mtungi wake wa mbegu iliyogandishwa, unachagua baba kwenye orodha, na ndama akizaliwa unajua ukoo wake pande zote mbili. Jirani akibaki na zebu wake, hilo ni lake. Uamuzi wako unaishia kwenye ua lako.

Nyuki hana zizi. Malkia mchanga, akiwa na siku chache tu tangu atoke, huruka nje ya mzinga mchana wa jua na kwenda mahali angani ambapo madume kutoka makundi ya eneo zima wamekusanyika. Huko hujamiiana akiwa hewani, na si na dume mmoja bali kumi, kumi na watano, wakati mwingine ishirini. Kila dume akishamaliza hufa. Malkia hurudi na mbegu zao zote ndani ya kifuko kidogo, na kwa zile safari chache atataga maisha yake yote, hadi mayai zaidi ya elfu moja kwa siku wakati wa maua. Mwenye mzinga hana usemi wowote kuhusu ni madume gani.

Hapa kuna kitendawili ninachopenda kuwapa watu: ni nani asiye na baba lakini ana babu? Ni dume la nyuki. Dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, kwa hiyo ana mama tu. Lakini mama yake alikuwa na baba. Ni jambo la kuchekesha, na lina matokeo. Malkia wako wa kununuliwa kutoka Italia atamwaga angani madume Waitalia halisi hata kama yeye mwenyewe amepandwa na Waafrika. Madume hao wataoa mabinti wa mizinga ya majirani, na wa makundi ya porini kwenye miti ya Karura na Ngong. Hukuomba ruhusa ya mtu, na huna njia ya kuwarudisha.

Basi fikiria miaka miwili mbele. Malkia wako Mwitalia amezeeka, au kundi limegawanyika. Binti yake anatoka kwenda harusini. Madume wa angani Nairobi ni akina nani? Karibu wote ni wa hapa, kwa sababu barani Afrika wingi wa nyuki bado wanaishi porini, hawana mwenyewe. Binti anarudi na mbegu za Kiafrika. Mjukuu vivyo hivyo. Kwa vizazi vichache damu ya Italia imeyeyuka kama kijiko cha sukari ndani ya Bwawa la Nairobi, na njiani umepitia vizazi vya kati ambavyo hakuna anayeweza kuvitabiri. Chotara wa kwanza anaweza kuwa mzuri ajabu. Wa pili na wa tatu ndio wanaomfanya mfugaji aruke ua. Hata wafugaji wa Buckfast huko Ulaya wanalijua hili, ndiyo maana wananunua malkia upya, au wanapeleka malkia wao wakapandwe kwenye visiwa vilivyotengwa vyenye madume waliochaguliwa. Sisi hatuna kisiwa cha namna hiyo kati ya Thika na Ngong.

Mfano wa karibu zaidi basi ni mahindi ya mahuluti kuliko ng'ombe wa gredi. Kila mkulima anajua: ukipanda tena punje ulizovuna, mwaka wa pili shamba linakuwa na vimo kumi na viwili. Unarudi dukani. Mbegu ya mahindi angalau tumezoea kuinunua. Nyuki je? Mfugaji wa hapa hupaka nta ndani ya mzinga mtupu, huutundika mtini kabla ya mvua, na kundi likipita angani linaingia lenyewe. Mtaji wake ni nta na subira. Huko Marekani watu hununua nyuki kwa kilo na malkia kwa posta, wengine kila mwaka. Anayetaka kutuletea nyuki wa gredi anatuletea pia bili ambayo hatukuwa nayo.

Brazil ilijaribu, kwa upande wa pili

Kuna waliowahi kuchanganya koo hizi mbili kwa makusudi, tena wakiwa na nia njema. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Nyuki wa Ulaya waliopelekwa Brazil walikuwa wakizembea kwenye joto. Kerr alitaka chotara mwenye bidii ya Afrika na upole wa Ulaya. Mwaka 1957, karibu na Rio Claro, makundi 26 yalitoroka.

Yaliyofuata yanajulikana. Wazao wao walipanda kaskazini nchi baada ya nchi, na Oktoba 1990 wakafika Texas. Magazeti yakawapa jina la "nyuki wauaji," na watu na mifugo kweli walikufa. Kinachosemwa mara chache ni mwisho wa habari. Wabrazili walijifunza kufuga upya: mizinga mbali na nyumba, moshi mwingi, mavazi kamili. Leo nchi hiyo inauza asali nje, na nyuki wake ni hao hao, ambao jeni zao nyingi zimerudi kuwa za Kiafrika. Malkia wenye damu ya Afrika walitoka kwenye tundu mapema wakawaua wapinzani wao, na madume wao walikuwa wengi zaidi angani. Joto likamchagua wa joto.

Kwa hiyo hata bara lililoanza na nyuki wa Ulaya kwa mamilioni halikuweza kuwazuia wa Afrika wasitawale. Sisi tulio nyumbani kwao tutawazuiaje kwa malkia mia mbili ndani ya vikasha?

Anayetaka kunipinga atanitajia Misri, na ana haki. Kule nyuki wa asili, *lamarckii*, amebaki kwenye mifuko michache upande wa Asyut, na kwingine wamejaa Carniolan na machotara wake. Lakini Misri ni bonde jembamba katikati ya jangwa, nyuki karibu wote ni wa mizinga, na malkia wageni waliingizwa kwa wingi, miaka mingi. Ni kama kisiwa. Mgeni anaweza kumfuta mwenyeji pale ambapo mwenyeji hana pori la kukimbilia.

Damu inayeyuka, ugonjwa haumumunyuki

Kama shida ingekuwa damu tu, ningesema waacheni watu wachezee pesa zao. Jeni zisizofaa zitachujwa na kiangazi cha kwanza. Tatizo ni kwamba malkia haji peke yake. Anakuja na wahudumu wachache kwenye kikasha, na juu ya miili yao na ndani ya matumbo yao kuna abiria wasio na pasipoti.

Mfano ulio wazi ni varoa, utitiri mwekundu kama kichwa cha pini uliokuwa ukiishi kwa nyuki wa Asia, ukahamia kwa nyuki wetu wa asali pale binadamu walipowakutanisha. Umeua makundi mamilioni Ulaya na Marekani. Kenya uligunduliwa mwaka 2009, na watafiti walipozunguka nchi mwaka uliofuata, kwenye mizinga ya maeneo 24, waliukuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Hapo ndipo jambo la ajabu lilipoonekana: makundi yenye utitiri hayakuwa dhaifu kuliko yasiyo nao. Hakuna aliyeyawekea dawa. Mizinga ya Wamarekani ingekuwa imelala chini.

Kwa nini? Sababu hazijaisha kuchimbwa, lakini mojawapo ni zile siku mbili. Varoa huzaa ndani ya tundu lililofunikwa, na mtoto wa nyuki wetu hatulii humo muda mrefu. Tena nyuki wetu hujisafisha, hufukua watoto wagonjwa na kuwatupa, na akizidiwa huhama akaacha masega na utitiri wake nyuma. Zile tabia zinazotuudhi, kuhama, kugawanyika, ukali, ndizo zinazomfanya asihitaji duka la dawa. Ukimzalisha chotara mtulivu anayekaa mahali pamoja na kuweka akiba kama Mzungu, unaweza kumkuta amerithi pia kufa kama Mzungu.

Na si lazima mgeni atoke ng'ambo. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini walisafirisha mizinga ya nyuki wa Rasi, *capensis*, kutoka kusini hadi kaskazini mwa nchi yao, katika himaya ya *scutellata*. Kibarua wa *capensis* ana kipaji kilicho adimu kwa nyuki wengine: anaweza kutaga mayai yanayotoa majike bila kuona dume. Waliingia mizinga ya wenyeji, wakajifanya malkia, wakataga nakala zao wenyewe. Nakala hizo hazifanyi kazi, zinalishwa tu, mpaka kundi linakufa na zenyewe zinatafuta mzinga mwingine. Maelfu ya makundi yalipotea, na tatizo halijaisha hadi leo. Hapakuwa na ndege wala forodha, lori tu lililosafiri ndani ya nchi moja.

Wenzetu Waulaya, ambao ndio tunaotaka kuwaiga, nao wanarudi nyumbani. Slovenia inamruhusu Carniolan wake peke yake. Kwenye kisiwa cha Colonsay, Scotland, tangu mwaka 2014 ni kosa kuingiza nyuki asiye yule mweusi wa asili. Na kati ya 2009 na 2012 watafiti wa nchi 11 waliweka makundi 621 ya koo 16 mahali 21, hakuna kuyatibu, wakahesabu yanayokufa. Makundi yenye malkia wa palepale yaliishi kwa wastani siku 83 zaidi ya wageni. Hao wote walikuwa nyuki wa Ulaya, ndani ya Ulaya!

Mlaumu fundi kwanza

Nilianza kufuga nikiwa na mzinga mmoja kwenye shamba dogo la shangazi yangu, Dagoretti, chini ya mikima (grevillea) na mparachichi. Ulikuwa ule mzinga wa Kenya uliobuniwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Wakanada, sanduku lenye mbavu za kuinama na vibao vilivyolala juu, kila kibao kikibeba sega lake. Vipimo nilivitoa kwenye intaneti, nikampa fundi, naye akavifuata kwa uaminifu: upana wa kibao milimita 35. Nyuki waliingia wiki ya pili. Baada ya miezi minne nilifungua nikakuta masega yamejengwa mshazari, yameunganisha vibao sita kama yamepigwa gundi. Kuvuna kukawa kuvunja. Asali ilimwagika, watoto wa nyuki wakafa, nyuki wakanifukuza hadi jikoni kwa shangazi, na jioni nilitangaza mbele ya watu wazima kwamba nyuki wa Kenya hawafai.

Milimita 35 ni nafasi ya sega hadi sega kwa nyuki wa Ulaya. Wetu ni wadogo. Nafasi yao ni 32. Hata zile karatasi za nta zenye chapa za matundu, zinazoletwa kwa ajili ya mizinga ya Langstroth, ile ya masanduku yenye fremu, nyingi zina matundu ya takriban milimita 5.4 ilhali wetu hujenga ya kama 4.9. Tumechukua nyumba ya mtu mwingine, tukamwingiza nyuki wetu kwa nguvu, halafu tukapima uvivu wake. Ongeza mizinga ya msaada iliyotundikwa mahali pasipo maji, wafugaji waliopewa mzinga bila bomba la moshi, na kurina mpaka sega la mwisho kisha kushangaa kundi limehama. Sehemu kubwa ya lile pengo la tani iko hapo, kabla hatujagusa jeni hata moja. Kwenye kituo cha taifa cha ufugaji nyuki pale Lenana, kwenye Barabara ya Ngong, utafundishwa hayo yote. Ila somo la milimita tatu halina mvuto wa malkia kutoka Italia.

Je, ina maana nyuki wetu hawezi kuboreshwa? Anaweza, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoimba "cha kwetu ni cha kwetu." Ndani ya *scutellata* mmoja kuna tofauti kubwa. Katika mizinga kumi, miwili itakuwa mikali kupita kiasi, mmoja utakuwa mtulivu, mmoja utavumilia kiangazi wakati mingine imehama. Ukizalisha malkia kutoka kwa yule mtulivu anayejaza, na kuwaondoa malkia wa ile mikali ili madume wao wasipande angani, na majirani zako wakifanya hivyohivyo, eneo zima linaanza kubadilika. Ni kazi ya polepole, na mtu mmoja haiwezi, kwa sababu ile ile ya harusi ya angani. Kikundi kinaiweza. Na wataalamu wapo: kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani kimekuwa na maabara ya afya ya nyuki wa Afrika kwa muda sasa, safari ya matatu moja kutoka mjini.

Kuna kejeli moja siwezi kuiacha. Wakati sisi tukitamani Buckfast, Brother Adam mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 89, alikuja Kilimanjaro akabebwa mgongoni kupandishwa mlimani, akimtafuta *monticola*. Miaka miwili baadaye Waswidi walikuja Mlima Elgon upande wa Kenya kwa haja hiyohiyo, wakarudi na uzao wake, wakauchanganya na Buckfast. Wanamwita nyuki wa Elgon. Wanamfuga Sweden.

Hilo ndilo lilikuwa swali la pili la mzee, pale Jamhuri. Alikuwa amesubiri foleni ipungue, akarudi. "Basi sawa, wa ng'ambo tumewaacha. Na hao wapole wa mlimani, nikiwateremsha kule Mwingi kwenye joto kwa pickup?"

Kijana wa banda alifikiri. "Wataungua na jua, mzee. Wasipoungua wataoa. Na hujui wamekuja na nini."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Una mizinga mingapi?"

"Kumi na minne. Yenye nyuki ni mitano."

Kijana alivuta rula kutoka mfukoni, akainua kibao kimoja cha mzinga wa maonyesho, akakiweka mbele ya mzee. "Ukifika nyumbani pima vyako kwanza," alimwambia. Mzee akaitoa miwani.